Kumi au Kumi na Moja? Hesabu za Windows Nyumbani Kwetu Mbeya

Tarehe 14 Oktoba nchi nzima hupumzika kumkumbuka Mwalimu Nyerere. Mwaka 2025 siku hiyo iliangukia Jumanne, na ndiyo siku ambayo Microsoft walikuwa wameipanga kuacha kuihudumia Windows 10, mfumo endeshi uliotoka Julai 29, 2015. Ofisi za Mbeya zilifungwa, lakini mafundi wa kompyuta wa Mwanjelwa hawana sikukuu, na tangu wiki ile swali lao kwa kila mteja limekuwa lilelile: "Nikupigie kumi au kumi na moja?" Yaani nikusimikie Windows 10 au Windows 11?

Swali hilo limenifikia na mimi mara nyingi, na wala si fundi. Ninatunza hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa, na mtaani kwetu mtu akionekana anajaza Excel bila kumwita mwanawe amsaidie, basi ameshakuwa mtaalamu. Wanakuja mashemeji, wanakuja wanakikundi. Kila mmoja anataka neno moja, kumi au kumi na moja, aondoke nalo. Mimi siwapi. Nawauliza kwanza mashine yako ni ya kizazi gani, halafu humo ndani kuna nini ambacho usingependa mtu mwingine akishike. Watu hawapendi kujibiwa swali kwa swali, najua, lakini bila hayo mawili nitakachosema kitakuwa ushabiki tu.

Tuanze na mashine. Windows 11 ilitoka Oktoba 5, 2021, na masharti yake ukiyasoma harakaharaka hayatishi: RAM ya GB 4, diski ya GB 64, prosesa ya biti 64 yenye viini viwili au zaidi. Wanaokwama wanakwama kwenye mambo mawili. La kwanza ni TPM toleo la 2.0, chipu ndogo inayotunza funguo za siri za kompyuta mbali na mikono ya programu nyingine. La pili ni orodha ya prosesa zilizokubaliwa. Kwa Intel orodha hiyo, ukiacha chache sana, inaanzia kizazi cha nane, na kizazi cha nane kilianza kuingia sokoni mwaka 2017. Kwa AMD inaanzia Ryzen za mfululizo wa 2000.

Sasa pita Mwanjelwa au Kabwe utazame kilichopo kwenye kabati za vioo. Laptopu nyingi ni zile zilizomaliza kazi kwenye ofisi za Ulaya na kwingineko, zikashushwa Dar es Salaam, zikapanda Kitonga ndani ya maboksi hadi kwetu. HP EliteBook 840 G3. Dell Latitude E7470. ThinkPad T460. Ni mashine za watu wazima: bodi ngumu, kibodi inayobonyezeka vizuri, na ukitaka kuongeza RAM unaifungua kwa bisibisi ya kawaida. Zote tatu ni za kizazi cha sita. Ndiyo maana nasema wengi wetu hatukuchagua kubaki na Windows 10. Uchaguzi ulishafanyika siku tuliyolipia mashine, kabla hatujajua kama kuna kuchagua.

Kizazi kinasomwa kwenye jina la prosesa. Ukiona i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni sita, basi ni kizazi cha sita. i5-8350U ni cha nane. Kuanzia cha kumi zinakuwa tarakimu mbili, kama i5-10210U. Muuzaji akikuambia "Core i5 hii, bosi" akanyamaza hapo, hajakuambia kitu, kwa sababu Core i5 zipo tangu mwaka 2009. Usitegemee kibandiko, kibandiko kinabanduka na kingine kinabandikwa. Washa mashine, andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia, na prosesa itajitaja yenyewe. Hapohapo utaona kama mashine inawaka kwa UEFI, mtindo mpya ambao Windows 11 inautaka, au kwa mtindo wa zamani wa Legacy. Kisha andika tpm.msc uone toleo la chipu. Hatua hii ya mwisho watu huiruka, na inaponza: kuna laptopu za kizazi cha nane zinazokataliwa Windows 11 kumbe TPM imezimwa tu kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayosomwa kabla Windows haijawaka. Ikiwashwa, zinakubali.

Binti yetu alipopata nafasi chuoni, pale Iyunga, tulikwenda wote wawili kumtafutia ya kwake. Fundi tuliyemkuta ni kijana mchangamfu, wa wale wanaoongea huku mikono ikifungua skrubu.

"Shikamoo mzee. Karibuni."

"Marahaba. Hii ni ya kizazi cha ngapi?"

"Cha sita, mzee. Lakini kumi na moja inaingia. Nakupigia sasa hivi, mkienda kunywa chai mkirudi mnaikuta tayari."

"Si wanasema mwisho ni cha nane?"

"Ipo njia, mzee."

Hakudanganya. Njia ipo. Kuna programu ya bure iitwayo Rufus ambayo hutengeneza flashi ya kusimikia Windows 11 bila kuulizwa habari za TPM wala kizazi, na mashine ikimaliza inawaka kama nyingine zote. Nimeziona zinafanya kazi vizuri tu. Lakini Microsoft wamesema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kudai masasisho, na lile toleo kubwa la kila mwaka haliji lenyewe. Inabidi urudi tena kwa fundi na flashi yake. Mwaka 2024, toleo la 24H2 lilipotoka, prosesa za zamani kabisa zilizokuwa zimepenyezwa kwa njia hiyo zilikataa hata kuwaka, kwa kuwa hazina amri fulani ambazo mfumo ulianza kuzitegemea. Kizazi cha sita hakikuguswa mara hiyo. Kutumia njia hii ni kama kupanga nyumba bila mkataba: unalala vizuri, mvua haikunyeshei, ila siku ukiambiwa utoke huna karatasi ya kuonyesha.

Tofauti ya bei kati ya ile ya kizazi cha sita na nyingine ya cha nane iliyokuwa kando yake ilikuwa laki mbili na kidogo. Binti alinitazama, mimi nikatazama dari. Laki mbili ni hela. Lakini mtu anayenunua leo, kwa ajili ya mwanafunzi atakayeitumia miaka mitatu au minne, anaokoa nini akichukua kifaa ambacho tayari kimeshaachwa nje? Tukachukua ya cha nane. Kwa mnunuzi wa leo mimi sina kigugumizi: kizazi cha nane kwenda juu, RAM isipungue GB 8, diski iwe SSD. Ile GB 4 iliyoandikwa kwenye masharti ni ya kuwashia tu. Ukifungua brauza na Word kwa pamoja, utaijua subira.

Hilo lilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kwenye laptopu ya mke wangu.

Yeye ni mwalimu wa sekondari. Mashine yake ni kizazi cha sita, ina Windows 10, na ndani yake kuna miaka ya mitihani, majedwali ya alama, andalio la masomo, picha za mahafali. Nilipomwambia kwamba mfumo wake umefika mwisho alishtuka kidogo, akaniuliza kama itazimika. Swali hilo nimelisikia kwa watu wengi, na si la kuchekwa, maana hata matangazo yenyewe yalivyoandikwa yalitisha. Kompyuta haizimiki. Itawaka kesho, itawaka mwakani, Word itafunguka. Kilichokoma ni kazi ya kuziba matundu.

Hapa panahitaji maelezo kidogo, kwa sababu ndipo hatari ilipo. Kila mwezi, Jumanne ya pili, Microsoft hutoa viraka vya kuziba matundu ya usalama yaliyogunduliwa. Jumanne ile ya Oktoba 14 ilikuwa ya mwisho kwa Windows 10 ya kawaida. Windows 11 haikujengwa upya kutoka chini. Sehemu kubwa ya maungo yake ni yaleyale ya Windows 10. Kwa hiyo kiraka cha Windows 11 kikitoka, mhalifu mwenye ujuzi hukichukua, akakilinganisha na kilichokuwapo kabla, akajua tundu lilikuwa wapi. Mara nyingi tundu hilohilo lipo kwenye Windows 10, na huko hakuna atakayeliziba. Yaani kila mwezi unaopita, anayekulinda jirani yako anamwonyesha mwizi dirisha lako.

Mfano mkubwa ni wa mwaka 2017. Mwezi Machi Microsoft walitoa kiraka cha tundu katika namna Windows zinavyobadilishana mafaili kwenye mtandao. Mei 12 kirusi cha WannaCry kikaanza kuzunguka dunia kupitia tundu hilo, kikifunga mafaili ya watu na kudai fidia, na hakikuhitaji mtu abofye chochote: kilitoka kompyuta hadi kompyuta chenyewe. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa. Kiraka kilikuwa kimeshakaa karibu miezi miwili kikisubiri kuwekwa. Wenye Windows XP, iliyoachwa tangu Aprili 8, 2014, hawakuwa na kiraka hicho hadi Microsoft walipotoa cha dharura baada ya balaa kuanza.

Nilimweleza haya yote mke wangu jikoni, naye anachambua maharage. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Baba watoto, hayo nimeyaelewa. Sasa niambie, kumi na moja ikija, mtihani wangu nitauchapa kwa muda uleule?"

Nikakosa jibu la haraka. Watu wa kompyuta huwa tunadhani anayeng'ang'ania mfumo wa zamani anaogopa kujifunza. Mke wangu alijifunza mfumo wa kusajili wanafunzi, akajifunza kupandisha alama mtandaoni, na akawafundisha wenzake wawili shuleni. Haogopi. Ila mikono yake imeshajua mahali pa kwenda bila macho kuisindikiza, na hilo lilimchukua miaka. Windows 11 ilihamishia kitufe cha kuanzia katikati ya mstari wa chini. Ulipotoka mwaka 2021, mstari wenyewe haukukubali kuhamishiwa juu wala pembeni kama ilivyokuwa Windows 10. Ukibofya faili kwa kitufe cha kulia, menyu inayokuja ni fupi na baadhi ya vitu ulivyovizoea vimefichwa nyuma ya mlango wa pili. Kitufe cha kuanzia unaweza kukirudisha kushoto kwa dakika moja kwenye mipangilio, na menyu ndefu inapatikana kwa kubonyeza Shift na F10. Si makubwa. Lakini ukiyajumlisha wiki ya kusahihisha mitihani, wakati kila saa ina kazi yake, ni gharama halali, nami nadhani anayeishauri familia yake asiidharau.

Lipo pia la printa. Windows 11 haina toleo la biti 32. Kama printa yako ni ya zamani na draiva yake, ile programu inayoiunganisha na kompyuta, ipo ya biti 32 pekee, hapo ndiyo mwisho wa safari yenu. Ya kwetu ilinusurika. Kabla hujakubali fundi apige chochote, andika jina kamili la printa yako na utafute draiva yake kwanza.

Kwa mashine ya mke wangu basi jibu halikuwa kumi na moja. Kuilazimisha sikutaka, kuitupa sikuwa na sababu, maana inafanya kazi. Kuna mlango mdogo ambao watu wengi hapa mjini hawajausikia: Microsoft wanatoa masasisho ya ziada ya usalama kwa Windows 10 za majumbani hadi Oktoba 13, 2026. Mashine iwe kwenye toleo la 22H2, nawe uingie kwa akaunti ya Microsoft. Ukienda kwenye mipangilio, sehemu ya masasisho, kuna kiungo cha kujiandikisha. Unaweza kulipa dola 30, au ukapata bila kulipa endapo utakubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye OneDrive, hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni. Usajili mmoja unabeba hadi mashine 10 za akaunti hiyohiyo. Tahadhari ni moja: OneDrive ya bure ni GB 5 tu. Ukiiachia ibebe na picha zote za mahafali itajaa upesi, na utaanza kuombwa ulipie nafasi. Ondoa alama kwenye folda za picha, iache ibebe mipangilio peke yake.

Tukamwandikisha. Hakuna kilichohama mahali pake, mikono ikabaki na mazoea yake, matundu yanazibwa. Ni suluhisho la muda, na yeye mwenyewe anajua kwamba ni la muda. Lakini mwaka mmoja wa kujipanga kununua nyingine kwa utulivu si kitu kidogo katika nyumba yenye ada za shule.

Narudi kwenye swali langu la pili, la nini kimo humo ndani, kwa sababu hapa makala nyingi za Wazungu kuhusu jambo hili hazitufai sana. Zinadhani benki yako imo kwenye kompyuta. Kwetu pesa zimo kwenye simu: M-Pesa, Airtel Money na nyinginezo, zinalindwa na laini na namba ya siri. Mwizi akiingia kwenye laptopu ya mke wangu hatakuta pochi. Atakuta baruapepe. Na baruapepe ndiyo inayofungua kila kitu kingine: ritani za TRA, maombi ya mkopo wa elimu ya juu, maombi ya ajira serikalini, nakala za vyeti na vitambulisho vya NIDA tulivyovipiga skani na kuvisahau kwenye folda ya vipakuliwa. Kwenye ile ninayotumia kwa kikundi kuna majina ya wanachama, namba zao za simu na nani anadaiwa kiasi gani. Hizo si siri zangu peke yangu.

Karibu huduma zote hizo za serikali zinatumika kwenye brauza. Kwa hiyo hata anayesema "mimi natumia intaneti kidogo tu" ajiulize brauza yake imesimama juu ya mfumo gani. Google waliacha kutoa matoleo mapya ya Chrome kwa Windows 7 na 8.1 mapema mwaka 2023. Toleo la 109 ndilo la mwisho huko. Mwenye Windows 7 anayefungua tovuti za kodi kwa Chrome hiyo amebeba mizigo miwili mibovu kichwani.

Nisemee flashi pia, maana kirusi cha Mbeya hakisubiri tundu la Marekani. Unapeleka flashi steshenari kuchapa karatasi mbili, inarudi na folda zote zimegeuka njia za mkato, mafaili yenyewe yamefichwa. Hapo kumi na kumi na moja hazina tofauti kubwa. Zote zina Microsoft Defender ndani, bure, na hata kwenye Windows 10 orodha yake ya kutambua virusi itaendelea kusasishwa hadi Oktoba 2028. Inatosha kwa nyumba nyingi, mradi hakuna aliyeizima. Na wapo wanaoizima! Zile programu za kuiba leseni, ambazo mafundi wengine hupiga pamoja na Windows, kwa kawaida hudai Defender izimwe kwanza. Umeweka mlango wa chuma halafu umempa ufunguo mtu usiyemjua jina. Cha ajabu, laptopu nyingi za ofisini zilizotengenezwa tangu enzi za Windows 8 zina leseni yake halali imehifadhiwa ndani ya bodi. Ukisimika toleo linalolingana nayo, inajitambua yenyewe ikipata intaneti. Mwambie fundi ajaribu hivyo kwanza.

Kwenye mashine ya binti ndiko nilikokaa muda mrefu zaidi, na si kwa sababu ya sura mpya. Windows 11 ikisimikwa upya kuanzia toleo la 24H2, na ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, mashine nyingi hufunga diski zenyewe, kimyakimya, kwa usimbaji, yaani mafaili hayasomeki bila ufunguo. Ni jambo jema: laptopu ikiibiwa stendi, mwizi hapati mafaili. Ila ufunguo wa dharura wa kuifungulia, wenye tarakimu 48, unahifadhiwa kwenye akaunti iliyotumika siku ya kwanza. Na siku ya kwanza, kwa desturi yetu, akaunti ni ya nani? Fundi ana haraka, wateja wamepanga foleni, anatengeneza baruapepe palepale, jina lolote na neno la siri lolote, kazi imeisha. Miezi baadaye bodi inabadilishwa au mipangilio ya BIOS inaguswa, kompyuta inauliza ule ufunguo, na hakuna anayekumbuka baruapepe ile. Hapo hakuna fundi wa Mwanjelwa wala wa Kariakoo atakayekuokoa. Usimbaji umefanya kazi yake barabara. Kwa hiyo nilimwambia yule kijana aishie pale mashine inapouliza akaunti. Binti akaingia kwa baruapepe yake mwenyewe, tukaenda kwenye akaunti, tukaukuta ufunguo, tukaunakili kwenye daftari linalokaa kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Kuhusu bando nitasema kifupi. Faili la kusimikia Windows 11 linazidi GB 5, na viraka vya kila mwezi vinaweza kufika mamia ya MB. Ukitumia simu kama modemu, ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo uutie alama kuwa ni wa kupimwa (metered). Windows itapunguza kushusha vitu bila kukuuliza. Kisha siku ukiwa na bando la kutosha, ruhusu mwenyewe. Usiache kabisa. Na kwa wale wanaotaka kupandisha kutoka kumi kwenda kumi na moja nyumbani, tazameni anga. Mvua zetu za Novemba hadi Aprili zinakuja na radi za mchana, umeme unakwenda na kurudi, na betri za hizi laptopu za mtumba nyingi hazifiki nusu saa. Kupandisha mfumo mzima kunaweza kula saa nzima na zaidi. Mashine ikizimika katikati, mara nyingi itajirudisha ilikokuwa. Mara nyingine haijirudishi. Nakilini mafaili kwanza kwenye diski ya nje, na fanyeni asubuhi.

Wapo watakaoniuliza mbona sijataja Linux, mfumo endeshi wa bure usio wa Microsoft. Naitaja. Laptopu ninayofanyia hesabu za kikundi, ya tatu kwa umri na ya kwanza kwa ubishi, ina Linux Mint 22, ambayo inahudumiwa hadi mwaka 2029 na haidai TPM wala kizazi. Unaijaribu kwa flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski, ukiipenda unasimika. Faili la kikundi nalifungua kwa LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi za Word na Excel, na jedwali la kawaida halinisumbui. Kwa mke wangu siipendekezi: mtihani wenye michoro na visanduku vya alama ukitoka LibreOffice kwenda kwenye Word ya shuleni hufika umesogeasogea. Watanzania si wageni wa programu huria, lakini. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili, wakati ambapo wengi wetu tulikuwa bado tunalipia dakika kwenye vibanda vya intaneti.

Mwenye msimamo mkali kuliko wote ni jirani yetu, mwalimu mstaafu anayefundisha kwaya. Ana kompyuta ya mezani yenye Windows 7, iliyoachwa na Microsoft tangu Januari 14, 2020. Humo anaandika nyimbo kwa sol-fa, sauti nne, kwa mpangilio wa nafasi alioubuni mwenyewe, na anachapa kwa printa ya zamani ambayo hakuna mfumo mpya unaoitambua. Alikuja kuniuliza kama na yeye ahamie kumi na moja.

"Shikamoo mwalimu. Hiyo kompyuta inaingia mtandaoni?"

"Marahaba. Mtandaoni inakwenda kufanya nini?"

Nikamwambia basi abaki hapohapo na saba yake. Asiiunganishe na intaneti hata kwa dakika moja, asipokee flashi ya mtu, na nakala za nyimbo azitoe kila mwezi kwenye diski moja isiyotumika kwa kazi nyingine. Akakubali, kisha akauliza sasa wanakwaya watazipataje nyimbo, maana siku hizi kila mtu anataka zije kwenye simu. Tukapatana: anachapa karatasi moja, anaipiga picha kwa simu yake, anaitupia kwenye grupu la WhatsApp la kwaya. Wa sauti ya pili wamelalamika kuwa picha zina kivuli, sasa anazipigia dirishani.